Daftari Lisilofunguka

Nilifanya kazi dirishani kwa miaka kumi na saba, katika ofisi ya ubalozi wa nchi moja ndogo ya kaskazini ya Ulaya, ndani ya nyumba ya kupanga pale Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Maskati. Nyumba yenyewe ilijengwa iwe ya familia. Sebule ilikuwa ukumbi wa wageni, chumba cha kulia kilikuwa cha mikutano, na mimi nilikaa palipokuwa jiko. Mabomba ya sinki yalikuwa bado yametokeza ukutani nyuma ya kiti changu. Walitoboa ukuta, wakatia kioo, na hilo ndilo dirisha ambalo nusu ya umri wangu wa utu uzima imepita mbele yake.

Kazi niliipata kwa sababu ya lugha. Nilizaliwa Unguja, tukaja Maskati nikiwa msichana, na Kiarabu changu cha nyumbani kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha watu wa hapa. Lakini Kiingereza cha shule nilikuwa nacho, na Kiswahili kilihitajika pale kuliko wenyewe walivyotarajia, maana wengi wa wanawake walioolewa na mainjinia wao walikuwa kina sisi, watu wa mitaa ya Ghubra na Al Khoudh waliorudi kutoka pwani ya Afrika. Raia wao wakizaa, wakioa, au wakifiwa huku Oman, waliandikishwa kwangu. Nilikuwa na madaftari makubwa ya jalada gumu, moja la vizazi, moja la ndoa, moja la vifo, na wino mweusi ulioletwa kutoka kwao kwa sababu hawakuamini wino wa hapa.

Kila miaka mitatu alikuja bosi mpya, balozi mdogo, pamoja na picha zake za ukutani. Wengine walikuwa wema, wengine walikuwa na haraka. Nilijifunza kutomzoea sana yeyote.

Katikati ya miaka ya tisini zikaja kompyuta, na pamoja nazo akaja Mwalimu. Sote tulimwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa kabla: alifundisha hesabu sekondari magharibi ya Kenya, kisha akaja Oman kufanya kazi katika duka la kompyuta mtaa wa Ruwi, na ubalozi ukamchukua kutoka huko. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mashati ya mikono mifupi yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Ijumaa, siku ya mapumziko Oman, alikwenda kanisani, siku nyingine zote alikuwa ofisini kabla ya mimi kufika.

Kiswahili chake kiliniumiza masikio. Alisema "hiyo kitu" na "venye inafanya", na mimi nilikuwa nimelelewa na mama aliyeweza kumkatiza mgeni katikati ya salamu ili amsahihishe. Siku za mwanzo nilimsahihisha na mimi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa dada," kisha akarudia vilevile alivyosema. Baada ya miezi michache nikaacha.

Amri kutoka mji wao mkuu ilikuwa kwamba madaftari yote yaingizwe katika kompyuta, kwa programu waliyoinunua kwa kampuni moja ya kwao. Tulifanya kazi hiyo sisi wawili. Yeye alisoma kutoka daftarini, mimi nikapiga chapa. Mwaka mzima ulipita hivyo. Jina moja la ukoo lilikuwa limeandikwa kwa namna nne na makarani wanne walionitangulia, mmoja kwa kh, mwingine kwa h tupu, na ilibidi kila mara tusimame na kuuliza ni familia moja au mbili. Mara nyingi mimi nilikuwa nawajua, au mama yangu aliwajua, na nilipiga simu nyumbani kumuuliza.

Tulipomaliza, Mwalimu alianza tabia iliyonichosha. Kila Jumatano, kabla ya wikiendi ya Alhamisi na Ijumaa, alitaka nitoke kwenye programu kwa muda wa saa nzima ili atoe nakala ya kila kitu kwa maandishi matupu, yasiyo na programu yoyote ndani yake, na kuyatia katika disketi. Disketi zenyewe alizipanga katika kopo la biskuti ndani ya kabati la vifaa. Nilimuuliza sababu yake ni nini, maana nakala rasmi tulikuwa tayari tunazituma kwao kila mwaka.

"Hizo rasmi zinafunguka na hii programu peke yake," akasema. "Siku hawa watu wakifunga duka, nani atatufungulia hizi faili?"

Nilimwambia serikali za Ulaya hazinunui vitu kwenye maduka yanayofungwa. Nilisema kwa uhakika kabisa, na wala sijui niliutoa wapi uhakika huo.

Mwisho wa miaka ya tisini alikuja mkaguzi kutoka kwao, mzee mpole aliyetokwa na jasho muda wote na kuomba radhi kwa jasho lake. Alikaa jikoni kwangu, nikampa kahawa na tende, akauliza maswali yake kutoka kwenye karatasi. Mojawapo lilikuwa kama kuna nakala za kumbukumbu za raia zilizowekwa nje ya mfumo.

Nikamwambia zipo. Nikamwambia zipo ndani ya kabati, katika kopo la biskuti, na aliyeziweka nani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu haraka vile. Ilikuwa kweli, hilo la kwanza, na nimelelewa nisiseme uongo mbele ya mtu mzima. Lakini ningeweza kusema sijui, mwulize fundi. Jumatano iliyotangulia Mwalimu alinikalisha na disketi zake mpaka nikachelewa kumpeleka mama hospitali, na daktari akawa ameondoka. Mama hakulalamika. Mimi ndiye niliyebaki na kinyongo kwa siku tatu, na mkaguzi akanikuta nacho.

Disketi zilikatwa kwa mkasi, moja baada ya nyingine, chumba cha mikutano. Niliitwa kuwa shahidi na nikatia sahihi. Mwalimu alipewa barua ya onyo kwa kuweka taarifa za watu mahali pasipo salama. Aliuliza nani alimwambia mkaguzi, na balozi mdogo wa wakati ule akajibu kwamba ukaguzi ndio uliogundua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili mkononi. Nikalipeleka faili mezani kwangu.

Mkaguzi huyohuyo aliandika katika ripoti yake kwamba nyumba haina nafasi wala usalama wa kuweka madaftari ya zamani, kwa hiyo yapelekwe kwao. Yakafungwa katika makasha na kusafirishwa. Kabati lilipobaki tupu nilifurahi kidogo, maana nilipata pa kuweka mkoba wangu na kanga yangu ya kusalia.

Miaka michache baadaye wakatuletea mfumo mwingine. Huu uliunganishwa na mji mkuu moja kwa moja kwa mtandao, na tuliambiwa utafanya kazi za ofisi zao zote duniani. Kumbukumbu za zamani zitahamia zenyewe, walisema. Hazikuhamia. Mfumo mpya ulifungua mafaili yetu na kutoa mistari ya alama za kuuliza. Tukarudi kwenye programu ya zamani ili tuzichapishe karatasini, nayo ikadai namba ya ruhusa ya mwaka ule. Kila mwaka kampuni ilikuwa ikitutumia namba hiyo kwa faksi. Mwalimu akapiga simu kwao siku nne mfululizo. Kampuni ilikuwa imenunuliwa na nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa imefunga kitengo hicho na kuwaachisha kazi watu wake. Msichana wa kupokea simu hakuwahi hata kulisikia jina la programu.

Mji mkuu ukasema tusubiri, watatumia madaftari. Madaftari yalikuwa katika ghala nje ya mji, ndani ya makasha, pamoja na makasha ya ofisi nyingine zote zilizofanyiwa kama sisi. Yatapangwa kwa zamu, na hatukuambiwa zamu yetu ni lini.

Basi nikarudi dirishani kuwaambia watu "bado". Nimekuwa nikisema neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria, lakini miaka ile lilinichosha ulimi. Mtu alikuja kufanya pasi mpya ya kusafiria, mfumo ukamtafuta, haukumwona. Nilimjua kwa sura, nilimjua mamake, nilikumbuka siku alipoletwa kuandikishwa, na haikusaidia kitu.

Aliyenielemea zaidi alikuwa jirani yangu wa Ghubra, mwanamke wa rika langu, mtu wa Pemba kwa asili. Alikuwa ameolewa na injinia wa nchi ile, injinia akafa kwa moyo, akamwachia binti mmoja. Binti alikuwa amemaliza shule na amepata nafasi ya chuo kikuu huko kwa kina babake. Pasi yake ilikuwa imekwisha muda. Pasi mpya haikuweza kutoka bila kumbukumbu, na bila pasi hata kibali chake cha kukaa Oman kilikuwa mashakani, kwani kwa karatasi yeye alikuwa mgeni, ingawa hakuwa na pengine alipopajua.

Mama mtu alikuja kila Jumatatu. Hakuwahi kupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka foleni ikaisha, kisha akasogea.

"Shoga yangu, nnakuja kuuliza tu," alisema.

Nami nikamjibu bado, na akaniuliza khabari za mama, akaondoka. Jioni nilimwona tena dukani akinunua mkate, na hapo hatukuzungumzia ofisi. Septemba ikafika, chuo kikafunguliwa, nafasi ya binti ikapotea. Akaanza kusaidia katika shule ya watoto wadogo karibu na kwao. Nilimwona asubuhi akivuka barabara na mkoba begani, nikapunguza mwendo wa gari nijifanye natafuta kitu kwenye dashibodi ili macho yetu yasikutane.

Mwalimu alikuja jikoni kwangu siku moja akasema amelifungua faili la zamani. Nilidhani amepata namba ya ruhusa. Hakuipata. Alikuwa amelifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ile inayoonyesha kilichomo bila kukielewa. Akanivuta kwenye kioo cha kompyuta yake. Niliona takataka, mistari na mistari ya alama, vidoa, herufi zisizosomeka. Kisha akashuka chini kidogo, na katikati ya takataka nikaona jina la mtu ninayemjua.

"Yako hapa yote," akasema. "Hawakuyaficha. Waliyaandika tu kwa njia yao."

Balozi mdogo mpya, mwanamke mwenye haraka, alisema hawezi kutupa muda wa kazi kwa jambo ambalo mji mkuu haujaliagiza, lakini kama tunataka kulifanya baada ya saa za kazi, hatatuzuia. Dirisha lilifungwa saa nane mchana. Kuanzia hapo mpaka alasiri tulikaa mbele ya kioo kimoja, yeye akisoma na mimi nikipiga chapa, kama mwaka ule wa kwanza, ila sasa hatukuwa na daftari bali mchafuko. Jina lilikuwa mahali pamoja, la baba mistari mitatu chini, mji wa kuzaliwa ukaja ukiwa umekatwa katikati. Zile herufi zao za ajabu, zenye mkato na pete juu, zote ziligeuka kuwa vitu vingine, na ilitubidi tukumbuke kwamba alama fulani ina maana ya herufi fulani. Kwa siku tulitoa watu sita, saba. Tukibahatika, kumi. Nilikuwa na miaka arobaini na tano, mgongo umeanza kuniuma, na nyumbani mama alikuwa ananisubiri kwa chakula cha mchana ambacho kilikwisha kupoa.

Tarehe ndizo zilizotushinda. Programu ilikuwa haiziandiki kama sisi. Mwalimu aligundua kwamba inahesabu siku tangu siku moja waliyoichagua wenyewe, kisha inaandika idadi tu, ya siku mtu alipoandikishwa; tarehe nyingine zote inazihesabu kutoka hiyo, na siku ya kuandikishwa watu hawaikumbuki kama ya kuzaliwa. Idadi tuliziona, lakini siku ya kuanzia hatukuijua, na aliyeijua alikuwa ameachishwa kazi mahali fulani Ulaya. Mwalimu alisema anahitaji tarehe moja tu ya kweli, ya mtu mmoja aliyemo mle ndani, isiyo na shaka. Akiipata hiyo, atarudi nyuma mpaka mwanzo, na nyingine zote zitajulikana.

Nilifikiri usiku kucha, na asubuhi nikawa nimeipata. Yule binti wa jirani yangu hakuandikishwa alipozaliwa. Wazazi walichelewa mpaka alipokaribia kuanza shule, na nilimwandikisha mwenyewe siku niliyorudi kazini kutoka matangani kwa baba yangu. Alikuwa mtu wa kwanza dirishani. Macho yangu yalikuwa yamevimba, na yule mtoto, hana meno ya mbele, akaniuliza kwa nini ninalia, mamake akamfinya.

Nikamuuliza mama baba alizikwa lini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Baba yako kazikwa Ijumaa, mwezi ishirini na saba Rajabu, baada ya sala," akasema. "Leo unaniuliza wewe?"

Mwaka niliujua. Nilikwenda ofisini na tarehe ya Kiislamu, na Mwalimu akatafuta tarehe ya Kizungu inayolingana nayo. Vitabu viwili vilitupa majibu mawili, yaliyopishana siku moja, kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Lakini mama alisema Ijumaa, na moja tu kati ya zile siku mbili ndiyo ilikuwa Ijumaa. Niliingia kazini Jumatatu iliyofuata. Mwalimu akapiga hesabu kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi, akarudi nyuma mpaka akafika kwenye siku ya kuanzia. Ilikuwa siku isiyo na maana yoyote kwetu. Labda ni siku ya kuzaliwa ya aliyeitunga programu. Tukaijaribu kwa ndoa mbili nilizozikumbuka na kifo kimoja, zikakubali zote.

Mwalimu aliegemea kiti, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kisha akafuta miwani, akasema jambo ambalo nadhani lilimtoka tu, kwamba haya yote yalikuwa kwenye kopo la biskuti, kila tarehe, kila jina, na mpaka leo hajui nani alikwenda kumwambia yule mzee.

Nikasema, "Ni mimi."

Alinitazama. Nikamweleza swali la mkaguzi, na jibu langu, na habari ya mama na daktari. Ilinichukua dakika mbili kueleza kitu nilichokibeba miaka mitano au sita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaosha kikombe chake kwenye beseni, akakifuta, akakiweka mahali pake, akatoka. Nilisikia gari lake likiondoka.

Kesho yake alikuja kama kawaida, tukaendelea na kazi. Alisoma, nikapiga chapa. Lakini hakuniita dada tena. Aliongea nami Kiingereza, Kiingereza cha ofisini, tafadhali na asante. Nilizoea kukidharau Kiswahili chake, na sasa nilikaa pale alasiri baada ya alasiri nikitamani aniambie tu "hiyo kitu".

Ilichukua miezi kumi. Tulipomaliza, Mwalimu alitengeneza faili moja la maandishi matupu, kila mtu na mstari wake, na akaandika ukurasa mmoja wa kueleza kila safu ina maana gani. Balozi mdogo alilipeleka kwao. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: faili hilo ni la aina isiyotambuliwa na mfumo, wala halina uthibitisho, tafadhali tusubiri madaftari.

Sikulia. Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi, nikafungua dirisha. Ilikuwa Jumatatu.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa sisi. Huko kwao serikali ilikuwa imeumwa na jambo lilelile kwenye idara zake kubwa: ofisi ya kodi haikuweza kusoma mafaili ya hospitali, manispaa hazikuweza kusomana. Bunge lao likazungumza, na ukaja waraka kwa ofisi zote. Kuanzia sasa kumbukumbu za serikali zitawekwa kwa viwango huria, yaani kwa namna iliyoandikwa hadharani, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa kwa aliyeuza programu. Na mtaalamu atapita katika ofisi za Ghuba kueleza.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele fupi na viatu vya kutembelea milimani. Alitukusanya chumba cha mikutano, palepale disketi zilipokatwa, akatuonyesha picha ukutani kwa projekta. Alieleza vizuri. Alisema taarifa za raia si mali ya muuza programu. Alisema faili lazima liweze kusomwa na watu watakaokuja baada yetu, kwa mashine tusizozijua. Balozi mdogo alitikisa kichwa kila sentensi. Mimi nilikuwa namtazama Mwalimu kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameandika kitu kwenye daftari lake, na nilipopita nyuma yake baadaye niliona ni orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Mwishoni mtaalamu aliuliza kama kuna yeyote mwenye uzoefu na mambo haya. Balozi mdogo akamtaja Mwalimu, na Mwalimu akasema kwa Kiingereza kwamba kuna faili moja, lilitumwa, likakataliwa, nakala ipo. Yule kijana akaomba kuliona. Alikaa nalo mbele ya kompyuta mpaka saa ya chakula ikapita, akausoma ule ukurasa wa maelezo mara mbili, kisha akauliza nani aliuandika. Akatuomba radhi. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka kule kutuomba radhi kwa jambo lisilokuwa jasho.

Alipanga makasha yetu yatafutwe ghalani, watu ishirini wachaguliwe kwa kubahatisha, wafananishwe na faili letu. Hilo lilichukua miezi mitatu mingine. Walikuta makosa mawili, na yote mawili yalikuwa yangu, ya kupiga chapa. Faili likapokelewa. Asubuhi moja nikaandika jina la binti wa jirani katika mfumo mpya, na akatokea, na tarehe zake zote, na jina la baba lenye herufi yake ya mkato mahali pake.

Mama yake hakusubiri Jumatatu. Nilimpigia simu, akaja na binti, na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kitambaa. Binti alitia sahihi bila kunitazama sana. Nilimwambia pole kwa kuchelewa. Alisema si kitu, lakini alisema kama mtu mzima anavyosema akitaka mazungumzo yaishe. Aliondoka mwaka ule. Alikusudia awe daktari, akasoma kitu kingine, kwa sababu ile nafasi ya mwanzo haikurudi. Mamake alinieleza hilo bila lawama yoyote, na ilikuwa afadhali angenilaumu.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi, na lazima niseme ukweli huo ingawa ulitugharimu. Mwanamke wa Al Khoudh aliyejifungua aliweza kumwandikisha mtoto wake kutoka nyumbani, kwa mtandao, kabla uji wa uzazi haujapoa. Cheti kilitumwa kwa baruapepe. Kiti cha plastiki kikakaa kitupu siku nzima. Nilisoma magazeti, nikapanga upya kabati, nikasoma magazeti tena. Mwisho wa muongo mji mkuu ukaamua kwamba kazi zetu zote zinaweza kufanywa kutoka ofisi yao kubwa ya nchi nyingine ya Ghuba. Tulipewa barua nzuri zenye maneno ya shukrani. Mafundi walikuja wakaziba lile tundu la ukuta, na mwenye nyumba akaanza kuzungumza na mkandarasi juu ya kurudisha jiko.

Mwalimu aliamua kurudi Kenya moja kwa moja. Mkewe alikuwa huko, na watoto waliokua bila yeye. Nilijitolea kumpeleka uwanja wa ndege Seeb. Sikutarajia akubali, lakini alikubali. Alikuwa na masanduku mawili na televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Njiani tulizungumza habari za barabara, jinsi walivyoipanua, na habari za joto. Kwenye maegesho nilizima gari na hakuna aliyefungua mlango.

"Nilikukasirikia miaka miwili hivi," akasema. Alisema kwa Kiswahili. "Halafu nikachoka, dada."

Nilimwambia na mimi nimechoka. Nilitaka kuongeza neno la kuomba msamaha, nilikuwa nimelipanga tangu Ghubra, lakini alikwisha kufungua mlango na kuanza kuhangaika na ile televisheni. Nikatoka nikamsaidia kuishika upande wa pili. Ilikuwa nzito. Tuliipandisha kwenye kigari, blanketi likafunguka, tukalifunga tena kwa kamba, yeye akivuta na mimi nikiweka kidole kwenye fundo. Akanipa mkono, akasukuma kigari mpaka ndani.

Nilirudi nyumbani polepole. Mama alikuwa amekaa ukumbini, amewasha redio ya Kiswahili ya Unguja aliyoipata kwa shida, ikikwaruza. Akaniuliza yule Mkenya kaondoka. Nikasema kaondoka. Akaniuliza mimi mwenyewe nina njaa au nimekula huko huko, na nilipomwambia sijala tangu asubuhi, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kupasha wali.